Dodoma sioni cha kuandika

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 28, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Ni karani wa masjala katika wizara mojawapo, na ofisi zilipohamia Dodoma nami nilihama nazo. Nimepanga chumba Nkuhungu, kwa bibi mmoja wa Kigogo. Kazi ninayo, afya ninayo, wala sina ugomvi na mtu. Kinachonisumbua wenzangu wanakiona kidogo, ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe, kwa kuwa nimesikia ulifundisha Kiswahili miaka mingi.

Naandika mashairi. Mjomba wangu alinifundisha kuhesabu mizani kwa vidole hata kabla sijajua kusoma vizuri, na nilipokuwa sekondari mashairi yangu yalisomwa kwenye mahafali. Tanga sikuwahi kuhangaika kutafuta la kusema. Nilikuwa naenda Raskazone jioni, naona ngalawa zinaingia, narudi na beti zangu kichwani. Harusi za mtaani, baiskeli za Ngamiani, mvua ya masika, vyote vilikuwa vinaandikika.

Dodoma nimekauka. Naamka kabla ya jua, napanda daladala hadi Sabasaba, naunganisha nyingine mpaka Mtumba. Kutwa nzima niko na majalada: kufungua, kusajili, kupeleka, kurudisha. Jioni narudi njia ile ile. Nje ni upepo na vumbi, na miti nusu ya mwaka haina majani. Nikikaa na daftari hakuna kinachokuja, kwa sababu kwa kweli hakuna kinachotokea. Nikupe mfano wa jana. Bibi kafunika mapipa ya maji kwa kanga, kazifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi ili upepo usizivue. Kaanika mlenda juu ya bati, kaweka mawe pembeni. Kwenye daladala konda kakunja noti kwa urefu, kila moja katikati ya vidole vyake, na chenji anarudisha bila hata kuzitazama. Ofisini kaja mzee mmoja anayefuatilia mafao yake, karatasi zake kazitia ndani ya kiroba cha sukari. Nilipomletea jalada lake akavua kofia kwanza, ndipo akalitazama. Halafu nikarudi nyumbani, nikala, nikalala. Sasa hapo mtu unaandika nini?

Isitoshe, mjomba alituusia kwamba shairi lisilofunza ni makelele. Kwa hiyo nikikaa naanza na funzo: nataka niwaambie watu nini? Nikishalipata ndipo natafuta maneno. Ubeti wa mwisho niliouandika ni huu. Niliutuma kwenye kundi letu la WhatsApp la washairi, watu wakausifu, lakini mwenyewe sikuupenda:

Vijana nawaambia, maisha ni kupambana,
Msikae kulilia, kazi zipo nyingi sana,
Tuzidi kuvumilia, usiku hata mchana,
Mwisho tutafurahia, matunda tutayaona.

Kuna jambo la pili. Usiku mmoja umeme ulikatika, Bibi akakaa nami kibarazani, akanisimulia jinsi yeye na mdogo wake wa tumbo moja walivyoacha kusemezana kwa sababu ya kiwanja, tangu mji ulipoanza kupanuka na ardhi kupimwa na kupanda bei. Alinieleza mengi ambayo sitayaandika humu. Tangu usiku ule nahisi shairi limo mle ndani, tena shairi zito, na ni jambo pekee lililonigusa tangu nifike huku. Lakini mambo yale ni yake. Je, nina haki ya kuyaandika? Nikibadilisha majina inatosha?

Mwisho, likizo yangu inakaribia. Dada yangu anasema nirudi Tanga mwezi mzima nikae karibu na bahari, mashairi yatarudi yenyewe. Rafiki yangu wa kazini anasema niache tu, nimeshakuwa mtu mzima, mashairi ni mambo ya shule. Nisaidie Mama. Naogopa kwamba kipaji kimeniishia.

Mwanao,
Karani wa Masjala, Nkuhungu


Marahaba mwanangu, na pole. Usikubali mtu akuambie ni jambo dogo. Aliyezoea kutunga akikaa kimya muda mrefu huumia, na huyo anayekwambia "acha tu" hajui anachokuambia uache.

Nianze na ubeti wako, maana tatizo limekaa humo zaidi ya lilivyokaa Dodoma. Nimeuhesabu: mizani nane kwa nane, vina vya kati vimetimia, vya mwisho vimetimia. Mjomba alifanya kazi yake. Ila niambie, ubeti huu umeandikiwa wapi? Mtu wa Mbeya angeweza kuuandika, wa Mwanza angeweza, wa Pemba angeweza, tena bila kutoka kitandani. Vijana gani hao unaowaambia? Matunda ya nini? Na "kazi zipo nyingi sana" umeisema kwa sababu ulihitaji kina cha na, wala huiamini, maana kila siku unapita Sabasaba na unawaona vijana wanavyogombea abiria ili wapate chochote cha kupeleka nyumbani. Humo ndani hakuna mtu mwenye mikono, hakuna kitu kinachoshikika. Kundi limeusifu kwa sababu hakuna wa kuubishia. Wewe hukuupenda, na hilo limenitosha kujua kwamba kipaji hakijaenda popote. Kingekuwa kimekwisha ungeupenda.

Sasa rudi kwenye barua yako, pale ulipokuwa unanithibitishia kwamba hakuna kinachotokea. Mzee amevua kofia mbele ya jalada lake. Kofia watu huvua mazikoni, huvua kanisani, huvua mbele ya mkubwa. Huyu kaivua mbele ya karatasi! Na mimi nadhani najua kwa nini, ingawa wewe uliyekuwepo ungejua zaidi: mle ndani mna barua yake ya ajira, uhamisho wake wote, likizo alizonyimwa, pengine na onyo alilopewa akiwa kijana. Wengi hufanya kazi maisha yao yote huku wanaandikwa ndani ya jalada wasilolifungua wenyewe. Siku ya kustaafu ndipo wanalisogelea, na anayewaletea ni wewe. Umeliona hilo, umelikumbuka mpaka ukaniandikia, halafu ukaongeza kwamba ulikula ukalala.

Hebu ichukue sentensi yako mwenyewe, uondoe herufi moja tu ya mwanzo, uhesabu kwa vidole kama ulivyofundishwa: "Kavua kofia kwanza, ndipo akalitazama." Nane kwa nane, mwanangu. Mshororo mzima wa tarbia umeutunga bila kujua, siku ulipoacha kutunga na kuanza kueleza ulichokiona. Vina vyako vya nza na ma vinakungoja.

Kwa hiyo macho unayo. Ulichokosa ni subira. Unakiendea kila kitu ukiwa umeshashika funzo mkononi, na kitu kikikutana na funzo lako kikawa hakilingani nalo, unakitupa kitu. Mzee wa kofia hakulingana na "vijana tupambane", basi ukampita.

Mjomba wako simpingi. Ushairi wetu umefunza tangu kale, na mimi mwenyewe shairi lisiloniachia kitu silirudii. Lakini tazama mafunzo tuliyorithi yalivyozaliwa. Maji yakimwagika hayazoleki: aliyeanza kusema hivyo alikuwa na ndoo na mchanga mbele yake. Bandu bandu huisha gogo: huyo alikuwa na shoka. Chombo cha kuzama hakina usukani: huyo ni wa kwenu pwani, na chombo alikiona kikienda. Funzo lilitoka ndani ya kitu, na kitu hakikuachwa nje. Hata leo ukiisema methali hiyo, gogo lipo na vibanzi vinaruka. Mjomba alikuusia shairi lifunze. Sidhani kama alikuusia uanze na funzo, na likizoni ungemuuliza.

Nikupe mfano wa huku. Zabibu unazoziona kwenye mabeseni mjini zinatoka mashamba ya Hombolo, Mpunguzi, Mvumi na kwingineko hapa hapa Dodoma. Mtu mwenye haraka ya funzo akipita shambani mizabibu imetoka kupogolewa, ataona vijiti vitupu, na papo hapo ataandika kwamba maisha ni kukatwa ili uchipue upya. Amemaliza, anaondoka. Nimeshasoma mashairi ya namna hiyo mpaka nimechoka. Mwingine atasimama, atamwamkia mwenye shamba, atauliza. Ataambiwa kwamba huku zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mvuno wa pili unatokana na ule mkasi, kwa sababu machipukizi mapya ndiyo yanayobeba vichala. Ataambiwa kwamba haukatwi ovyo: mkono unayahesabu macho ya kuchipulia yanayobaki kwenye kila tawi, maana ukiacha mengi kupita kiasi mti unahangaika na majani. Atasikia habari ya bei, kwamba zabibu ikishaiva haimngojei mnunuzi, na kwamba kuna usiku mkulima halali akiwaza gari litakuja au halitakuja. Huyu wa pili anaondoka na mkasi, na hesabu, na mtu asiyelala. Funzo atakalolipata huenda likawa juu ya kukatwa. Huenda likawa juu ya kungoja, au juu ya kumtegemea mtu usiyemjua kwa jina. Aliposimama hakujua ni lipi, na kama hakusimama hangelipata lolote.

Kazi ninayokupa ni hii, na usiidharau kwa kuwa imezoeleka kuwa ya watoto. Kwa sasa weka mashairi kando, tunga vitendawili. Fikiria aliyetunga "Nyumba yangu haina mlango". Huyo alilichukua yai akalizungusha, akalitazama juu na chini, akatafuta pa kuingilia akapakosa. Kitendawili hakikuruhusu kuhutubia. Hakina nafasi ya "tupambane". Kinakulazimisha ukijue kitu kwa umbo lake, kwa kazi yake na kwa tabia yake, kisha umfiche msikilizaji jina. Chukua noti katikati ya vidole vya konda. Chukua kanga na mpira wa tairi. Chukua utepe wa jalada, chukua muhuri wenu. Kitu kimoja kwa safari moja, na kutoka Nkuhungu mpaka Mtumba muda unao. Mimi nilijaribu cha mlenda wa Bibi yako: mvua ikinyesha alikuwa jani, kiangazi kaja mezani akiwa unga. Naamini cha kwako kitakuwa kizuri zaidi, wewe unauona ukianikwa, mimi nimeusoma tu.

Andika kwenye daftari dogo, simu iache kwenye mkoba. Simu ina lile kundi, na ukishaliandikia kundi utaanza kutunga kinachosifiwa.

Halafu uliza. Hili nalisisitiza, kwa sababu naona katika barua yako mtu anayetazama sana na kuuliza kidogo. Unaishi na Bibi anayejua mambo ambayo vitabuni utayatafuta kwa taabu. Umewahi kumuuliza mlenda ule ni majani gani, anayachuma wapi, nani alimfundisha kuyatambua, kwa nini mawe? Mvua ya Dodoma ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Ninyi wa Tanga mna masika na mna vuli, mboga haiwapotei. Huku mwanamke anachuma wakati wa mvua, anaanika, anatwanga, anaweka, na miezi ya ukame inapofika anapika unga ule na karanga, watu wanakula na ugali wa uwele au mtama. Mboga ya mvua iliyopita inaliwa wakati wa vumbi. Wewe umepita chini ya lile bati kila asubuhi ukiamini kwamba hii ni nchi ambayo nusu ya mwaka haina kitu, na aliyekuwa na jibu alikuwa anakuamkia hapo mlangoni. Muulize, tena umsalimie kwa Kigogo kwanza. "Mbukwa" tu itamfurahisha.

Na miti isiyo na majani uitazame pia. Mbuyu hupukutisha majani yake wakati wa kiangazi na kuishi kwa maji yaliyo ndani ya shina, hilo pengine unalijua, kwani hata Tanga mibuyu ipo. Lakini mwaka ukielekea kwenye mvua, angalia maua yake. Ni meupe, makubwa, yananing'inia, na hufunguka jioni. Popo huja usiku, na kesho yake ua linaanza kusinyaa na kuanguka. Jioni ndiyo saa yako ya kurudi kutoka kazini. Sikuambii uandike kwamba uzuri haudumu, maana hilo wameshaliandika wengi. Nakuambia shuka kituo kimoja kabla ya chako, ukasimame chini yake, unuse.

Unaposema Dodoma hakuna kitu, nasikitika kidogo, nikwambie ukweli. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka huku huku Ugogoni. Alikuwa na zeze na ilimba, ile ya sanduku la mbao na vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, akaimba kwa Kigogo, na dunia ikamsikiliza mpaka Ulaya. Nenda Chamwino au Mvumi siku ya sherehe uone wanawake wa Kigogo wanavyopiga ngoma ya muheme, ngoma kati ya magoti, mikono inakwenda, kisha uniambie tena kwamba hii ni nchi kavu. Ukipata siku mbili tatu za mapumziko, panda gari la Kondoa ufike Kolo, kwenye michoro ya mapangoni. UNESCO waliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Utakuta twiga, tembo, watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa, vimechorwa kwa rangi nyekundu juu ya mwamba. Waliochora walichora waliowazunguka: wanyama waliowaona na watu waliokaa nao. Hakuna aliyeandika chini yake tujifunze nini, na bado watu wanapanda mlima ule hadi leo kwenda kumtazama twiga huyo.

Nije kwa Bibi na mdogo wake. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hapa pana watu wawili walio hai.

Kubadilisha majina hakutoshi. Nkuhungu watajua. Wajukuu watajua. Mdogo mtu atajua kwa ubeti wa kwanza, na atajua pia kwamba dada yake ameyatoa mambo yao ya ndani kwa mpangaji. Kama lile shauri la kiwanja limefika au litafika baraza la ardhi la kata, shairi lako linalozunguka kwenye simu litakuwa maneno mengine ndani ya ugomvi, yasiyokuwa na wa kuyaeleza. Wewe utakuwa umepata shairi zuri, Bibi atakuwa amepoteza mahali pa kusemea. Alikusimulia gizani kwa sababu alikuona mwanawe. Hakujua kwamba ameketi na mshairi.

Sisemi usahau. Sisemi hata usiandike. Ila tenganisha vitu viwili ambavyo naona umevichanganya. Kuna kisa, hicho ni cha Bibi. Na kuna kilichokugusa wewe mpaka leo hakijakutoka, hicho ni chako, nacho hukunieleza. Una dada Tanga, anakupigia simu, anakutaka urudi. Umesikia ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kufika mahali wasipeane hata salamu kwa sababu ya vigingi vya mpimaji, na wewe uko mbali na wako. Nahisi hofu yako iko karibu na hapo, ingawa unaweza kunisahihisha. Hofu hiyo iandike utakavyo, bila ruhusa ya mtu, na haitahitaji kiwanja cha Bibi hata chembe.

Ukiona bado unakitaka kisa chenyewe, basi muombe. Umuombe mchana, mkiwa mmekaa, akiwa hana huzuni, wala usimzungushe: "Bibi, yale uliyonisimulia yamenikaa moyoni, natamani kuyatungia shairi. Unaniruhusu?" Akisema hapana, imekwisha, na usimrudie wiki ijayo kwa maneno mengine. Akisema ndiyo, umsomee yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, tena umsomee kwa sauti, ubeti kwa ubeti. Atakukatiza. Atakuambia haikuwa asubuhi, ilikuwa jioni, hakulia, alicheka, yule mpimaji alikuwa amevaa viatu vya namna gani. Mshukuru kwa kila anachokirekebisha na ukiandike, maana hayo usingeyabuni. Na pakifika mahali akasema "hapo toa", toa, hata kama ndiyo mstari ulioupenda kuliko yote. Kuwapatanisha hukutumwa. Akitaka mdogo wake asikie, atasema mwenyewe.

Likizo nenda Tanga, mwanangu, kwa nini usiende? Nenda umwone dada yako, umwone mjomba, ule samaki. Basi litakupitisha Morogoro, Chalinze na Segera, siti ya dirishani itakufaa. Ila usiende kuchukua mashairi. Ukiyafuata bahari itakupa ngalawa zile zile za zamani, nawe utaziandika vile vile, utarudi Mtumba umekauka tena baada ya wiki. Badala yake ukiwa Raskazone fanya ulichojifunza huku: mwendee mwenye ngalawa, umuulize ile kamba anaifunga hivyo kwa sababu gani, na anajuaje kwamba leo asitoke. Uliziona ngalawa zile tangu utotoni, na katika barua yako hakuna hata baharia mmoja.

Mjomba umsomee vitendawili vyako, uone vitakavyomshinda. Rafiki wa kazini usibishane naye. Mzee wa kofia akirudi kufuatilia mafao, mpe kiti, umuulize alianza kazi mwaka gani na wapi, na jalada lake ulihangaikie lisonge, kwa sababu hilo analihitaji kuliko shairi.

Shairi la kofia nitumie likiwa tayari, nina hamu nalo. La Bibi, kama atakuruhusu, lisinifikie mimi kabla yeye hajalisikia.